Kuhutubiwa Si Kujibiwa

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Ndugu zangu, dada zangu, vijana wenzangu. Nashukuru kwa kunialika. Nimepewa dakika ishirini na tano, na kijana anayeshika saa ameketi hapo mbele ananitazama kwa jicho kali, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Nianze na swali. Wiki hii, ni nani kati yenu amemuona kiongozi wake kwenye simu? Gavana, mbunge, MCA, yeyote yule. Inueni mikono. Mashallah, karibu ukumbi mzima. Haya, shusheni. Sasa swali la pili. Ni nani kati yenu, mwaka huu, amemuuliza kiongozi wake swali akajibiwa? Si kuwekewa alama ya moyo, si kuambiwa "tuko pamoja". Kujibiwa. Naona mikono miwili. Mitatu, tukimhesabu huyo anayecheka kule nyuma.

Basi mada yangu ni hiyo hapo. Tunahutubiwa asubuhi, mchana na usiku, lakini kujibiwa ni nadra. Na sisi, kwa kuwa sauti ya kiongozi haituishii masikioni, tunadhani tunazungumza naye. Hatuzungumzi naye. Yeye ndiye anayezungumza.

Waulizeni wazee wenu kuhusu Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Habari zilianza na Mtukufu Rais, zikaendelea na Mtukufu Rais. Kituo cha kwanza cha runinga cha kibinafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Kabla ya hapo nchi nzima ilisikia sauti moja. Kiongozi hakuwa na haja ya kukubembeleza umsikilize, maana hukuwa na pengine pa kwenda. Na ukiwa na swali, ulilimeza. Kwa hivyo nikisema leo kwamba vyombo vya habari vimetawanyika, msidhani nazililia siku zile. Sizililii hata kidogo.

Leo hali ni nyingine kabisa. Hapa Pwani peke yake una Radio Rahma, Radio Kaya, Baraka FM na nyinginezo. Jamii nyingi nchini zina redio kwa lugha zao. Hilo ni jambo zuri. Nyanya aliye kijijini anapata habari kwa lugha anayoota nayo. Halafu juu ya hizo redio kuna Facebook, TikTok, X, YouTube, na magrupu ya WhatsApp ambayo mengine hata hukumbuki nani alikutia. Mwanasiasa naye ana kamera yake, ukurasa wake na kikosi chake cha mabloga. Akitaka kusema, anasema. Hamhitaji tena mwandishi wa habari.

Na hapo ndipo tulipopoteza kitu bila kujua. Mwandishi wa habari, pamoja na kasoro zake zote, alikuwa na kazi moja kubwa: kuuliza swali la pili. Swali la kwanza kila mtu hulijibu. "Mheshimiwa, zahanati itajengwa lini?" "Hivi karibuni." Imekwisha. Swali la pili ndilo linalomtoa mtu jasho: "Hivi karibuni ni mwezi gani? Pesa zimo kwenye bajeti ya mwaka gani? Na zile za mwaka jana zilikwenda wapi?" Kwenye ukurasa wake mwenyewe, kiongozi hana wa kumuuliza swali la pili. Ukiliuliza kwenye maoni, litazikwa chini ya pongezi mia mbili, nusu yake zimelipiwa.

Niwape kisa. Juma lililopita nilikaa maskani na vijana watano. Walikuwa wakibishana kuhusu hotuba moja ya kiongozi mmoja, jina simtaji. Mmoja alikuwa na klipu ya sekunde ishirini, kiongozi anaahidi hospitali. Wa pili alikuwa na klipu ya sekunde kumi na tano, kiongozi yuleyule, siku ileile, anawatukana wapinzani. Wa tatu hakuwa na klipu, alikuwa na picha yenye maandishi mekundu. Wakakaribia kushikana mashati. Nikauliza, nani kati yenu ameisikiliza hotuba nzima? Kimya. Na nisijitoe mimi: hata mimi sikuwa nimeisikiliza. Nilifika pale na klipu yangu ya nne.

Sasa, msidhani mtawanyiko huu ni bahati mbaya tu. Kuna watu wanaula. Mwezi Machi 2018 runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video ya siri ambamo mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica alijisifu jinsi walivyofanya kazi katika kampeni za uchaguzi hapa Kenya, wakachunguza maoni ya watu na kuandika hotuba. Biashara yao ilikuwa hiyo: kujua huyu anaogopa nini, yule anachukia nini, kisha kila mmoja apelekewe maneno yake. Ukisikia kiongozi amesema kitu kinachokuingia moyoni kama vile anakujua, jiulize na jirani yako wa kabila lingine amepelekewa nini.

Na mwisho wa njia hii tunaujua, kwa sababu tumeshaipita. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakabakia na ujumbe mfupi wa simu, uvumi, na baadhi ya watangazaji waliokuwa wakichochea kwa mafumbo. Tume ya Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Mwenye mamlaka aliponyamaza, na aliyejibu maswali ya watu akawa ni mvumishaji, ndivyo ilivyokuwa.

Hebu sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wenyewe: kitambulisho.

Mnajua historia. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipigwa msasa, wakatakiwa wabebe kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida, kana kwamba uraia wao ni wa kuazima. Na miaka yote baada ya hapo, kijana wa Garissa, wa Mandera, au mwenye jina kama lenu na langu, amekuwa akifika mbele ya kamati kuthibitisha babu yake ni nani. Mwenzake wa umri uleule, mwenye jina jingine, anapiga picha, anaweka vidole, anakwenda zake.

Februari 2025 Rais alikuwa Wajir, akatangaza kuuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Klipu ikafika kwenye magrupu yetu. Vigelegele, machozi, alhamdulillah. Mimi mwenyewe niliisambaza. Lakini klipu ileile ilifika kwenye magrupu mengine ikiwa na kichwa kingine: mipaka imefunguliwa, wageni wanapewa vitambulisho wapige kura. Wanasiasa wa upande wa pili wakalisema hilo majukwaani. Suala likafika hadi mahakamani. Sisi tukashangilia, wao wakaogopa, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Sasa tazameni. Kijana wa Wajir alikuwa na maswali halali: ni nini hasa kimefutwa? Ni kamati ya wazee peke yake, au na yale maswali ya afisa dirishani? Aliyekataliwa mwaka jana aanze upya? Na Mkenya wa Nakuru aliyeogopa naye alikuwa na swali halali: kuna kinga gani ili asiye raia asipite? Hakuna uadui kati ya maswali hayo. Yote yanataka kitu kimoja, maelezo ya maandishi, yenye tarehe na taratibu, yaleyale kwa kila mtu. Waraka mmoja ungewatosha wote wawili. Hotuba nyingi hazikumtosha yeyote.

Kuna kijana mmoja ninayemfahamu. Baada ya tangazo lile alikwenda ofisi moja kuomba kitambulisho. Akaulizwa cha babu. Akatoa simu, akamuonyesha afisa klipu ya Rais. Yule afisa, kwa adabu kabisa, aliitazama mpaka mwisho. Kisha akamrudishia simu akamwambia, "Mimi sijapata barua."

Vijana, hilo lishikeni. Klipu si barua. Furaha tuliyoipata kwenye simu haikufika dirishani.

Mtaniuliza, kwani viongozi hawajibu kabisa? Hujibu. Hujibu wakilazimika, na nyinyi mnajua maana nyinyi ndio mliowalazimisha.

Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada. Serikali ilikuwa na kila jukwaa la kuuelezea. Lakini walioueleza ni vijana. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza video fupi, wakapeana nambari za simu za wabunge. Yaani ule mtawanyiko wa vyombo ambao viongozi walikuwa wakiutumia, vijana waliutumia kukusanya watu badala ya kuwagawa. Ilikuwa mara ya nadra watu wa makabila na dini zote kubishana kuhusu kitu kimoja, yaani maandishi yaliyo mbele yao, badala ya kubishana kuhusu mtu.

Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha, waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, risasi zikapigwa. Jioni ile Rais alilihutubia taifa kwa ukali. Kesho yake akatangaza hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa hesabu yake tarehe 1 Julai ilisema watu 39 wamekufa. Tuwarehemu. Wengine kati yao walikuwa wa umri wenu.

Halafu tarehe 5 Julai Rais aliingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X, na vijana wakamuuliza ana kwa ana kuhusu risasi, kuhusu utekaji, kuhusu ufisadi. Siku hiyohiyo alitangaza hatua za kupunguza matumizi, ikiwemo kuvunja mashirika 47 ya serikali. Tarehe 11 Julai akawafuta karibu mawaziri wote. Mnaweza kusema yalikuwa maigizo. Mnaweza kusema utekaji haukukoma, na kweli haukukoma. Lakini kuna kitu pale hamkukipata kwenye mkutano wowote wa hadhara: swali la pili. Na mlilipata kwa gharama ya damu. Kujibiwa hakupaswi kugharimu hivyo. Nchi ambayo raia lazima afe ndipo kiongozi achukue kipaza sauti na kusikiliza, hiyo ina ugonjwa.

Na tazameni kinyume chake. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kumbukumbu, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV, KTN na Citizen zikazimwa. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Ilikuwa marudio ya Januari 30, 2018, vituo hivyohivyo vilipozimwa siku ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park. Serikali mbili tofauti, swichi ileile. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia anashindwa kuwafikia wananchi kwa sababu vyombo vimetawanyika, mwambie: siku tulipokusanyika wote mbele ya skrini moja, ni nani aliyeizima?

Kuna simulizi maarufu ambayo wengi wenu mliisikia madrasa. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipanda mimbari akawataka watu wasikilize na watii. Akasimama Salman akasema hatusikilizi mpaka utueleze: kila mtu alipata kitambaa kimoja, wewe mrefu namna hiyo, vipi kimekutosha? Umar hakumwita mpinzani. Hakumuuliza ametumwa na nani. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akaeleza kwamba alimpa baba yake fungu lake. Salman akasema, sasa sema, tunasikiliza. Hadithi hii tunaipenda sana kuwasomea viongozi. Lakini igeuzeni upande wa pili. Salman hakuuliza kwa matusi, wala hakuuliza kuhusu jambo asilolijua. Aliuliza kuhusu kitambaa. Kitu kinachoonekana, kinachopimika. Na alipojibiwa, alikubali jibu.

Si kwetu tu. Jumapili ya tarehe 12 Machi 1933, benki za Marekani zikiwa zimefungwa na watu wameficha pesa majumbani, Rais Roosevelt alizungumza redioni kwa lugha nyepesi, akaeleza benki inavyofanya kazi, kwa nini zilifungwa, na zipi zitafunguliwa kesho yake. Ilipofika kesho zikafunguliwa, na watu wakaanza kurudisha pesa. Hata yeye hakuulizwa swali pale. Lakini alitoa neno lenye tarehe, na tarehe ikafika. Kiongozi akikupa neno lisilo na tarehe, amekupa harufu ya pilau.

Sasa niwaambie lile ambalo hamtalipenda. Kosa si lao peke yao. Sisi tunawasamehe walio wetu. Kiongozi wa chama chetu, wa kabila letu, au Muislamu mwenzetu, akishindwa kujibu tunamjibia. "Ana vita vingi." "Anahujumiwa." Akiulizwa swali na mtu wa upande ule, tunauliza, "Mbona hukumuuliza wa kwako?" Hapo kiongozi anakaa kando anatafuna miraa yake, sisi tunapigana kwa niaba yake. Ushabiki umetufanya tuwe ukuta wake. Na akija kwenye futari ya Ramadhani, akala tende zetu, akatoa salamu kwa Kiarabu kilichovunjika, sisi tunapiga picha naye. Nani alimuuliza kuhusu wale vijana wetu waliopotezwa? Futari ile alikuwa mbele yetu saa nzima.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, mepesi.

La kwanza: usibishe kwa klipu. Kabla hujasambaza, itafute hotuba nzima. Dini yetu imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na amri hiyo haikusema isipokuwa WhatsApp. Ukikosa muda wa kusikiliza dakika arobaini, una muda wa kutosha wa kunyamaza.

La pili: uliza kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inasema unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ofisi inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Wakikupuuza, kuna ofisi ya Ombudsman. Barua moja ya kurasa nusu: "Naomba kujua pesa zilizotengewa zahanati ya wadi yetu mwaka huu wa fedha, na zilizokwisha tumika." Weka nakala, pigwa muhuri. Yule afisa wa kitambulisho alisema hajapata barua. Sawa. Basi na tumuombe mkubwa wake, kwa barua, atuonyeshe barua.

La tatu: jueni kalenda. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unakwisha Juni 30. Katikati hapo ndipo kuna vikao vya kuwasikiliza wananchi. Nimehudhuria kimoja ambacho tulikuwa watu kumi na wanane, watano wakiwa wamekuja kwa ajili ya soda. Wiki ileile, kiongozi alijaza uwanja kwa muziki. Uwanjani hakuna maikrofoni yako. Kwenye kikao ipo.

La nne, na hili ndilo gumu: ukipata jibu, lirudishe kule uvumi ulikotokea. Kama uvumi ulikuwa kwenye grupu la mtaa, peleka jibu kwenye grupu la mtaa, hata kama linamsafisha mtu usiyempenda. Hapo hasa ndipo linapohitajika. Na mtu wa chama kingine akimuuliza kiongozi wako swali la haki, simama naye. Sema, "Mheshimiwa, hata mimi nataka kusikia." Maneno hayo matano yanabomoa ukuta kuliko maandamano mengi.

Naona saa imeinuliwa. Namalizia.

Wale watu wawili walioinua mikono, au watatu, naomba wabaki nyuma kidogo. Tunataka kujua waliuliza nini, walimuuliza nani, na walijibiwaje, ili tuwafundishe wengine. Na nyinyi wengine, kabla hamjatoka, kuna karatasi pale mlangoni. Kila mmoja aandike swali moja. Moja tu, lenye kitu kinachoonekana kama kile kitambaa. Tutayapanga kwa wadi, tutayapeleka kwa barua zenye muhuri, na siku ya ishirini na moja tutakutana hapahapa tuone nani amejibu. Atakayejibu tutamshukuru hadharani, awe wa chama gani. Atakayenyamaza, tutasoma swali lake kwa sauti, kisha tutaliandika tena.

Allah atujaalie viongozi wanaojibu, na atujaalie sisi ujasiri wa kuuliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.